Kila Sauti na Faili Lake: Namna ya Kuhifadhi Traki Moja Moja Unaporekodi

Kazi za sauti zinazofanyika chuoni siku hizi ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kwaya inarekodi nyimbo za mahafali. Vijana wa kaswida wanaandaa kazi ya Maulidi. Wa mawasiliano ya umma wana podikasti yao, wa isimu wanahoji wazee kijijini kwa ajili ya tasnifu, na kule hosteli hakosekani jamaa mwenye laptopu, maiki ya USB na godoro lililosimamishwa ukutani, anajiita studio. Wote hawa wakimaliza hufanya jambo lilelile: wanabofya, inatoka MP3 moja, inarushwa kwenye grupu la WhatsApp, kazi imekwisha.

Baada ya wiki mbili anatokea mtu anauliza, "Hivi tunaweza kukipunguza kinanda kidogo? Kinawafunika alto." Hapo jibu linategemea kitu kimoja tu. Je, traki za wimbo ule bado zipo, kila moja peke yake, au kilichobaki ni ile MP3?

Somo hili ni la kuhakikisha jibu lako siku hiyo ni "ndiyo, tunaweza". Mifano mingi nitaitoa kwenye Audacity, kwa sababu ni ya bure, inaingia kwenye Windows, Mac na Linux, na haihitaji laptopu ya bei mbaya. Isitoshe, ni programu iliyozaliwa chuoni: iliasisiwa mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg, ikatolewa kwa umma mwaka 2000. Anayetumia Reaper, Ardour au nyingine yoyote asiwe na wasiwasi, kanuni ni zilezile.

1. Traki ni nini, na miksi ni nini?

Traki ni mstari mmoja wa sauti ndani ya programu: soprano peke yake, besi peke yake, kinanda peke yake. Unaweza kuupandisha, kuushusha, kuusogeza au kuufuta bila kuigusa mistari mingine. Miksi ni matokeo ya kuijumlisha mistari hiyo yote kuwa faili moja la chaneli mbili, kushoto na kulia.

Neno kujumlisha nimelitumia kwa makusudi, maana ndicho kompyuta inachofanya. Kila sekunde ya sauti imegawanywa katika namba nyingi, kwa kawaida 44,100 au 48,000 kwa kila chaneli. Kumiksi ni kuchukua namba ya soprano, ya alto na ya kinanda kwa nukta ileile ya wakati, na kuandika jumla yake. Sasa nikikuambia jumla ni 10, utajua vipi kama ilikuwa 7 na 3, au 5, 4 na 1? Huwezi. Chumvi ikishayeyuka kwenye pilau huchambui punje moja moja, hata uwe mpishi wa namna gani.

2. Waliotangulia walilia na hili

Mpiga gita wa Marekani Les Paul na mkewe Mary Ford walipata umaarufu miaka ya mwanzo ya 1950 kwa kurekodi tabaka juu ya tabaka: gita, kisha gita jingine, kisha sauti ya Mary, kisha Mary tena. Shida ni kwamba kila tabaka jipya liliunganishwa palepale na yaliyotangulia. Ukikosea kwenye tabaka la mwisho, umeharibu yote, unaanza upya. Haishangazi kwamba ni Les Paul huyohuyo ambaye mwaka 1957 alipokea mashine ya kwanza ya Ampex yenye traki nane kwenye utepe mmoja, ambapo kila tabaka lilikuwa na njia yake.

The Beatles walipotengeneza albamu yao ya Sgt. Pepper, iliyotoka mwaka 1967, walitumia mashine za traki nne. Nne zikijaa, walizimiksi na kuzihamishia kwenye utepe mwingine zichukue nafasi ndogo, ili wapate pa kuongezea ala nyingine. Kila walipofanya hivyo uamuzi ulifungwa: uwiano wa ngoma na gita ukabaki kama ulivyokuwa siku ile.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa wimbo wao wa Now and Then. John Lennon aliurekodi nyumbani miaka ya mwisho ya 1970, sauti yake na piano vikiwa pamoja kwenye kaseti. Mwaka 1995, miaka 15 baada ya kifo chake, wenzake watatu walijaribu kuumalizia wakauacha, kwa kuwa piano iliifunika sauti na hapakuwa na njia ya kuzitenganisha. Wimbo ulitoka Novemba 2023, baada ya timu ya mwongoza filamu Peter Jackson kutengeneza programu iliyoweza kuichomoa sauti ya Lennon. George Harrison, aliyekuwepo kwenye jaribio la kwanza, alikuwa amefariki tangu 2001. Kaseti moja isiyo na traki mbili iliwachukua watu wenye pesa na wataalamu wote wa dunia miaka 28.

3. "Lakini si siku hizi kuna AI?"

Swali zuri, na najua ndilo lililo kichwani mwako. Ndiyo, zipo programu za kutenganisha. Kampuni ya Deezer ya Ufaransa ilitoa Spleeter mwaka 2019, bure kabisa, na nyingine zimefuata ambazo ni nzuri zaidi. Lakini angalia zinatenganisha nini. Spleeter hugawa wimbo katika makundi yaliyopangwa kabla: sauti za waimbaji, ngoma, besi, piano na "mengineyo". Soprano, alto, tena na besi za kwaya yako zote ni sauti za waimbaji, zitakuja kwenye faili moja zikiwa zimekumbatiana vilevile. Marimba, zeze na kayamba havina kundi lake, vitaangukia kwenye mengineyo. Na hata inapofanikiwa, mara nyingi huacha mabaki: sauti inayovuma kama imetoka kwenye bomba, au kivuli cha ngoma nyuma ya maneno.

Kwa hiyo AI ni dawa ya dharura kwa kazi za zamani. Kwa kazi unayoianza wiki hii, huna sababu ya kujitakia ugonjwa.

4. Kutenganisha kunaanza kwenye waya

Hapa ndipo wengi wanapokosa, kabla hata programu haijafunguliwa. Programu haiwezi kutenganisha kitu kilichoingia kikiwa kimeshachanganyika.

Chukua zile miksa ndogo zenye tundu la USB. Kwa nje unaona maiki nne, sita, hata nane zimechomekwa. Ukiunganisha na laptopu, nyingi kati ya hizo zinatuma chaneli mbili tu, yaani miksi iliyokwishapikwa ndani ya miksa. Kabla bumu halijaishia dukani, muulize muuzaji swali hili kwa maneno haya: "Kwenye USB inatoa chaneli ngapi?" Akijibu idadi ya matundu ya maiki, bado hajakujibu.

Ukiwa na kifaa cha chaneli mbili na maiki mbili, tayari unaweza kutenganisha watu wawili, na hiyo inatosha kwa podikasti au mahojiano ya utafiti. Kwenye Audacity chagua kurekodi chaneli mbili. Maiki ya kwanza itaingia kushoto na ya pili kulia, ndani ya traki moja ya stirio. Ukimaliza, fungua menyu ndogo iliyo kwenye kichwa cha traki, uchague "Split Stereo to Mono". Utapata traki mbili zinazojitegemea. Mgeni akikohoa wakati wewe unauliza swali, unanyamazisha kikohozi na swali lako linabaki safi. Na kwa mwenzetu wa isimu, pale mzee na mhoji wanapozungumza kwa wakati mmoja, unasikiliza upande mmoja, unaandika, kisha unasikiliza wa pili. Ukikosa hilo, sehemu hiyo ya data utaishia kuandika "haisikiki", na msimamizi wako atauliza kwa nini.

Vifaa vya mkononi navyo vipo. Zoom H6, kwa mfano, inarekodi hadi traki sita na kuliweka kila ingizo kwenye faili lake. Ikiwa mgeni wako yuko mbali na mnazungumza kwa programu ya mikutano ya Zoom, ingia kwenye mipangilio ya kurekodi, washa chaguo la kuhifadhi sauti ya kila mshiriki katika faili lake. Halijawashwa lenyewe, na mkutano ukishaisha hakuna pa kulitafuta.

Huna chochote isipokuwa simu? Tumieni mbili. Kila mmoja aweke yake karibu na kinywa, kiasi cha shibiri moja hadi mbili, mbonyeze kurekodi, kisha mtu mmoja apige kofi kubwa. Lile kofi litaonekana kama mwiba kwenye michoro yote miwili, utailinganisha hapo. Kumbuka tu kwamba saa za simu mbili haziendi sawasawa kabisa. Kwenye mazungumzo marefu moja itaanza kuitangulia nyingine kidogo kidogo, kwa hiyo pigeni kofi tena katikati na mwishoni.

Jambo la mwisho hapa: watu wawili wakibanana kwenye kiti kimoja, kila maiki itabeba sauti za wote, na traki zako zitakuwa mbili kwa jina tu. Achanishaneni.

5. Kurekodi moja baada ya nyingine

Kwaya yenye maiki moja isikate tamaa. Rekodini kwa zamu: kinanda kwanza, kisha soprano wakikisikiliza kinanda, kisha alto, na kuendelea. Mambo manne ya kuzingatia:

Kwanza, anzeni na mapigo. Audacity inaweza kutengeneza traki ya mapigo ya metronomu. Bila hayo kinanda kitakimbia kwenye korasi, na kila anayefuata atakimbizana nacho.

Pili, sikilizeni kwa hedifoni, tena za waya. Mkitumia spika, kinanda kitaingia kwenye maiki ya soprano na hakitatoka. Za Bluetooth huchelewesha sauti, mwimbaji ataonekana yuko nyuma wakati yuko sawa.

Tatu, kwenye Audacity ukibonyeza kitufe cha kurekodi mara ya pili, kwa kawaida inaendeleza traki ileile. Ukitaka traki mpya, shikilia Shift unapobonyeza. Hakikisha pia chaguo la kupiga traki nyingine wakati wa kurekodi limewashwa.

Nne, acha nafasi juu. Vilele vya sauti vikicheza kati ya desibeli -12 na -6 viko salama. Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi haishonwi, na ukiwa na traki sita za kujumlisha utahitaji hiyo nafasi.

Na tangu dakika ya kwanza ipe kila traki jina. "Audio Track 7" haitamwambia mtu chochote mwezi ujao. "03_Alto" itamwambia.

6. Kusevu projekti si kutoa sauti

Mambo matatu huchanganywa kila siku, tuyatenganishe.

Kusevu projekti ni kuhifadhi meza ya kazi: traki zote, mpangilio wake, mikato yake. Faili hilo linafunguka ndani ya programu ileile tu. Simu haitalicheza.

Kutoa miksi ni kupata wimbo mmoja wa kusikiliza na kusambaza.

Kutoa traki moja moja ni kupata mafaili kadhaa ya sauti, moja kwa kila traki, yanayoweza kufunguliwa na programu yoyote, leo au baada ya miaka kumi.

Unahitaji yote matatu. Projekti peke yake ina mitego. Kwenye matoleo ya Audacity kabla ya 3.0 ya mwaka 2021, projekti ilikuwa faili dogo la aup pamoja na folda iliyobeba sauti yenyewe. Aliyenakili faili dogo peke yake kwenye flashi alifika nyumbani na mifupa bila nyama. Siku hizi kuna aup3, kila kitu kiko ndani ya faili moja. Reaper nayo husevu projekti kama faili dogo la maandishi linaloonyesha mafaili ya sauti yalipo. Kwa hiyo unaposevu, weka alama kwenye chaguo la kunakili sauti zote kwenye folda ya projekti.

7. Kutoa traki moja moja, hatua kwa hatua

a) Zima Mute na Solo zote. Traki iliyonyamazishwa huachwa nje ya kinachotolewa, na Solo moja iliyosahaulika inaweza kukupa faili moja badala ya sita.

b) Hakikisha traki zote zinaanza sifuri. Hii ndiyo roho ya somo. Kama alto wanaingia dakika ya kwanza, faili lao lianze na dakika nzima ya ukimya. Faili likianzia pale wanapoimba, atakayelifungua hatajua liwekwe wapi. Kwenye Audacity jaza sehemu tupu ya mwanzo kwa ukimya, kisha iunganishe na sauti iliyofuata iwe kipande kimoja.

c) Amua kuhusu mwangwi na vikolezo vingine. Nakala muhimu zaidi ni kavu, isiyo na kitu. Ukitaka, toa seti ya pili yenye vikolezo. Mwangwi uliochomwa ndani ya faili hautoki, kwa hiyo kabla ya kuutia kwenye traki, tengeneza nakala ya traki kwa Ctrl+D na uiweke pembeni.

d) Nenda menyu ya File, kwenye Export Audio. Kwenye matoleo ya karibuni chagua kutoa mafaili mengi, kisha ugawaji kwa traki. Kwenye matoleo ya zamani kuna agizo lake, Export Multiple. Chagua majina yafuate majina ya traki. Kwenye Reaper fungua dirisha la Render na uchague stems za traki ulizozichagua.

e) Chagua WAV ya biti 24. MP3 hutupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo, na encoda yake huongeza ukimya mfupi mwanzoni. Ni ya kusikilizia, si ya kuhifadhia.

f) Andika faili dogo la maelezo: jina la wimbo, mapigo kwa dakika, ufunguo, idadi ya sampuli kwa sekunde, tarehe, na nani aliimba nini. Faili la 44,100 likichezwa kana kwamba ni la 48,000 linakimbia kwa karibu asilimia 9 na sauti inapanda. Mstari mmoja wa maelezo unakuokoa.

8. Nafasi na bando

Tufanye hesabu. Traki moja ya mono, biti 24, sampuli 48,000 kwa sekunde, inakula MB 8.64 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye traki 6 ni kama MB 207. MP3 ya wimbo huohuo kwa kilobiti 128 ni chini ya MB 4. Tofauti ni kubwa, lakini iangalie kwa upande wa pili: flashi ya GB 16 inabeba zaidi ya nyimbo 70 za namna hiyo. Albamu nzima ya kwaya na marudio yake vinaingia na nafasi inabaki.

Kama bando linabana, tumia FLAC. Inapunguza ukubwa, mara nyingi hadi karibu nusu, bila kutupa hata namba moja. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Na weka nakala sehemu mbili tofauti. Laptopu na flashi vilivyo kwenye begi moja ni sehemu moja, mwizi wa begi anachukua vyote.

9. Mkirekodi kwenye studio ya mtu

Makundi mengi ya wanafunzi huchangishana, yanalipa studio ya mtaani, yanapewa MP3 na kuondoka yakiimba. Mwaka unaofuata yanataka ala bila sauti ili yaimbe jukwaani, prodyuza kahama mji au diski yake imekufa. Ulizeni kabla ya kulipa: je, bei hii inajumuisha traki moja moja? Prodyuza wengine huzitoza pembeni, na ni haki yao, kuziandaa ni kazi. Wengine hawatoi biti waliyoitengeneza wenyewe, wanatoa sauti zenu tu. Hilo nalo linazungumzika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua mtunzi, mwigizaji au mwimbaji, na mtayarishaji wa rekodi, kila mmoja na haki zake, lakini haitakuja studio kuwanakilia flashi. Andikeni makubaliano, hata kwa nusu ukurasa, watu wasaini.

Kwa wale wa utafiti: rekodi za mahojiano ni za watu walioridhia jambo fulani, si kila jambo. Mafaili yenye sauti ya mhojiwa peke yake yapewe namba badala ya jina lake.

Zoezi

Chukua projekti yako ya mwisho. Toa traki zote kama tulivyoelekeza. Funga kila kitu, fungua projekti mpya tupu, uingize yale mafaili kwa mara moja na ubonyeze kucheza. Usiguse kingine. Alto wakiingia panapostahili na wimbo ukaenda pamoja hadi mwisho, hata kama uwiano wa sauti haujakaa vizuri, umefaulu. Traki moja ikichelewa au ikikosekana, rudi hatua ya a na ya b leo hii, kabla hujafuta chochote kwenye laptopu.